Grei 15 ndani ya Milisekunde 90: Dozi ya Tiba ya FLASH Hupimwaje?

Mwaka 2018, katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya Lausanne nchini Uswisi, ijulikanayo kwa kifupi kama CHUV, mgonjwa mwenye umri wa miaka 75 alilazwa mbele ya mashine inayorusha elektroni. Alikuwa na limfoma ya ngozi, aina ya saratani, iliyokwisha kuzishinda tiba nyingi alizopewa kabla, na uvimbe uliolengwa siku hiyo ulikuwa na kipenyo cha sentimita 3.5. Dozi aliyoandikiwa ilikuwa grei 15, grei ikiwa kizio cha dozi ya mionzi. Mashine ilitoa mapigo kumi ya mionzi, na tiba yote ikakamilika ndani ya milisekunde 90, muda ambao jicho halijamaliza kufumba na kufumbua. Kwa mashine za kawaida za hospitali dozi kama hiyo huchukua dakika kadhaa. Taarifa ya madaktari wake, iliyochapishwa mwaka 2019, ilieleza kwamba uvimbe ulitoweka wote, na kwamba ngozi ya jirani ilipata wekundu na kuvimba kidogo tu.

Wengi waliipokea habari hiyo kwa matumaini, na wana haki. Mimi nataka kukaa kwenye ile namba 15. Nani aliipima, kwa chombo gani, na kwa nini tuamini kwamba haikuwa 12 wala 19? Swali hili laweza kuonekana dogo, la watunza hesabu, lakini madai yote ya tiba hii, iitwayo FLASH, yanasimama juu yake, kwa sababu chombo ambacho hospitali za dunia nzima hukitegemea kupimia mionzi hushindwa kazi mahali pale pale tiba hii inapoanzia.

Kabla ya kufika huko, inafaa neno kasi lifafanuliwe, maana katika mjadala huu hubeba maana zaidi ya moja. Elektroni zilizotumika Lausanne zilikuwa na nishati ya elektronivolti milioni 5.6, na elektroni yenye nishati hiyo husafiri kwa zaidi ya asilimia 99.6 ya kasi ya mwanga. Ukiipandisha nishati hadi elektronivolti milioni 200, elektroni haipati kasi ya ziada ya maana, kwa kuwa imekwisha kuukaribia ukomo ambao maumbile hayaruhusu kuuvuka. Kinachoongezeka ni kina inachofika ndani ya mwili. Kwa hiyo jina la FLASH halihusu mwendo wa elektroni. Linahusu dozi inayoingia katika tishu kwa kila sekunde, ambayo hapa nitaiita kasi ya dozi. Tiba ya kawaida hutoa grei chache kwa dakika. Watafiti wa FLASH huzungumzia wastani wa kuanzia grei 40 hivi kwa sekunde na kuendelea.

Hata hiyo kasi ya dozi ina sura mbili. Ukigawanya grei 15 kwa milisekunde 90 unapata wastani wa grei 167 kwa sekunde. Lakini mashine haikumimina mionzi mfululizo kwa muda wote huo. Ilitoa mapigo kumi, kila pigo likibeba takribani grei 1.5 na kudumu kiasi cha mikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, kisha ikakaa kimya hadi pigo lililofuata. Ndani ya pigo lenyewe kasi ya dozi ilizidi grei milioni moja kwa sekunde. Mashine ya kawaida nayo hutoa mapigo ya urefu wa namna hiyo, ila kila pigo lake hubeba kama sehemu tatu za grei moja iliyogawanywa mara elfu kumi. Pigo la FLASH, basi, ni kubwa kuliko la kawaida mara elfu tano hivi, na tofauti hiyo ya pigo kwa pigo ndiyo inayowasumbua wapimaji kuliko huo wastani unaotajwa sana.

Grei yenyewe ni kizio chepesi kueleza: ni jouli moja ya nishati iliyobaki ndani ya kilo moja ya kitu kilichopigwa na mionzi. Jina limetokana na Louis Harold Gray, mwanafizikia Mwingereza aliyechangia sana nadharia ya kupima mionzi ndani ya uwazi mdogo wa hewa. Ugumu wake ni kwamba jouli moja kwa kilo ni nishati ndogo mno kama joto. Grei moja hupasha maji kwa takribani nyuzi 0.00024 za Selsiasi. Mtu akipigwa mwili mzima kwa grei 5 anaweza kufa, na nishati iliyomuua ni ndogo kuliko ile anayoipata kwa kumeza funda moja la chai ya moto. Mionzi hudhuru kwa kuvunja vifungo vya kikemia ndani ya seli, hasa katika DNA, na joto ni alama hafifu tu inayobaki nyuma. Ndiyo sababu hospitali hazipimi dozi ya kila siku kwa kipimajoto. Tangu zamani zimetafuta alama iliyo rahisi kuisoma, nayo ni umeme unaoachwa na mionzi ikipita hewani.

Kwa nini asilimia chache ziwe na uzito mkubwa hivyo? Katika tiba ya mionzi, nafasi kati ya dozi inayoua uvimbe na dozi inayoharibu viungo vya jirani ni finyu. Kwa muda mrefu lengo la taaluma hii limekuwa kwamba dozi anayopewa mgonjwa isitofautiane na aliyoandikiwa kwa zaidi ya asilimia 5, na ndani ya asilimia hizo 5 zimo pia hitilafu za kumlaza mgonjwa, za picha na za hesabu. Kipimo chenyewe cha dozi hubakiwa na sehemu ndogo ya ruhusa hiyo.

Kwa FLASH kuna sababu ya pili, nayo inagusa sayansi yenyewe. Mwaka 2014 Vincent Favaudon na wenzake wa Institut Curie, Ufaransa, walitangaza matokeo ya panya waliopigwa mionzi kifuani. Kwa kasi ya kawaida, grei 17 zilisababisha makovu ndani ya mapafu; kwa mapigo ya FLASH, dozi ya kiasi hicho hicho haikuleta madhara hayo, huku uvimbe ukidhibitiwa vizuri vilevile. Maneno yanayobeba uzito wote hapo ni "kiasi hicho hicho". Iwapo chombo cha upande wa FLASH kilisema 17 na ukweli ulikuwa 13, basi mapafu yaliponea kwa sababu yalipata mionzi michache, na hakuna cha kushangaza.

Hapo mwelekeo wa kosa ni jambo la kuangaliwa kwa makini. Chombo kinachosoma chini ya ukweli humfanya mtafiti atoe dozi kubwa kuliko anavyodhani. Tishu zikisalimika licha ya hilo, hoja yake inazidi kupata nguvu, ila mgonjwa akipimwa kwa chombo hicho anaungua. Kinyume chake, mtafiti anayejua kwamba chombo chake husoma chini, kisha akakirekebisha kupita kiasi, hutoa dozi ndogo kuliko aliyoiandika na kuona wokovu wa tishu ambao haupo. Uvimbe wenyewe ni shahidi wa kiasi fulani, kwa kuwa dozi pungufu ingeupa nao nafuu. Hata hivyo uvimbe wa panya hutofautiana sana kati ya mnyama na mnyama, na ushahidi wake hauwezi kushika nafasi ya kipimo.

Nimeona watu wakiizungumzia FLASH kana kwamba inafuta madhara. Haifuti. Katika jaribio la paka wenye saratani ya pua, baadhi ya waliotibiwa kwa FLASH, kwa grei 30 za mkupuo mmoja, walioza mfupa wa taya la juu miezi mingi baadaye, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati. Tiba ambayo inaweza kuponya ngozi ya mtu mmoja na kuua mfupa wa mnyama mwingine inahitaji dozi yake ijulikane kwa hakika.

Sasa tukitazame chombo chenyewe. Kinaitwa chemba ya ioni, na kwa umbo la kawaida lililopendekezwa kwa elektroni ni kisahani cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye mabamba mawili yaliyotenganishwa na hewa ya unene wa milimita moja au mbili. Mabamba hayo huunganishwa na volteji ya mamia. Elektroni ya tiba inapopita hewani humo huzing'oa elektroni za molekuli za hewa, na kuacha jozi za chaji: upande mmoja chanya, upande mwingine hasi. Kila jozi hugharimu kwa wastani karibu elektronivolti 34. Chaji chanya huvutwa kwenye bamba moja na chaji hasi kwenye la pili, mita ya umeme huzihesabu, na kutokana na hesabu hiyo mtaalamu wa fizikia ya tiba huipata dozi.

Uzuri wa chombo hiki ni uthabiti wake. Hutoa jibu lile lile leo na mwakani. Lakini kinadai sharti moja, kwamba kila chaji iliyozaliwa ifike kwenye bamba. Fikiria shule yenye uwanja mmoja na mageti mawili yanayotazamana. Kengele ikilia, wavulana wanaelekea geti la mashariki na wasichana geti la magharibi, na kila geti lina mlinzi anayehesabu wanaotoka. Wanafunzi wakiwa ishirini, wanapishana bila kukutana na hesabu inatimia. Wakiwa elfu kumi, msongamano wa katikati ya uwanja unawakutanisha kaka na dada zao. Wanashikana mikono na kubaki hapo hapo, na walinzi wa mageti hawatawaona kamwe. Ioni chanya ikikutana na ioni hasi njiani hufanya vivyo hivyo. Zinarudiana, chaji zinafutana, na mita haiandiki kitu.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa msongamano huo. Grei moja ndani ya hewa ya kawaida huzalisha jozi bilioni 220 hivi katika kila sentimita ya ujazo. Pigo la mashine ya kawaida huzalisha jozi milioni 60 na kitu. Pigo moja la Lausanne, lenye grei 1.5, huzalisha zaidi ya bilioni 300. Na zote huzaliwa karibu kwa mara moja, kwa sababu ioni huhitaji kiasi cha mikrosekunde mia moja kuvuka milimita mbili za hewa, ilhali pigo limekwisha ndani ya mikrosekunde moja. Kengele inalia na elfu kumi wote wamo uwanjani, hakuna hata mmoja aliyekwisha kupiga hatua. Kati ya pigo na pigo, kwa upande mwingine, hupita milisekunde kumi, ambazo zinatosha kabisa kuusafisha uwanja. Kwa hiyo chemba haijali wastani wa grei 167 kwa sekunde. Inachokijali ni dozi ya kila pigo, na msomaji anayekutana na makala ya FLASH inayotaja wastani pekee ajue kwamba hajapewa taarifa ambayo mpimaji angeiuliza kwanza.

Kurudiana kwa ioni si jambo jipya. Mwaka 1950 J. W. Boag, mwanafizikia wa Uingereza, alichapisha nadharia ya kukisia ni chaji kiasi gani hupotea katika miale ya mapigo, na hadi leo hospitali hutumia njia iliyotokana na kazi yake: pima dozi ile ile kwa volteji mbili tofauti, linganisha majibu, kisha ukokotoe kilichopotea. Mtu huyu anastahili kutajwa kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1959 yeye na D. L. Dewey walionyesha kwamba bakteria wakipigwa kwa pigo moja kubwa la mionzi wanaweza kustahimili kama vile hawakuwa na oksijeni, kwa maelezo kwamba pigo huitumia oksijeni iliyomo kabla nyingine haijaingia. Wazo hilo la oksijeni limekuwa mojawapo ya maelezo yaliyojadiliwa sana kuhusu FLASH, ijapokuwa chanzo halisi cha athari hii bado kinabishaniwa. Kwa maneno mengine, aliyeeleza kwa nini chombo hupotoka kwenye mapigo makubwa ndiye huyo huyo aliyeona mapema kwamba viumbe hai nao hubadilika kwenye mapigo makubwa.

Njia ya volteji mbili hufaa pale ambapo upotevu ni asilimia moja au mbili. Katika mapigo ya FLASH mambo mawili huivuruga. La kwanza, si kila elektroni iliyong'olewa hunaswa na molekuli ya oksijeni na kugeuka ioni hasi nzito. Nyingine hukimbia zikiwa huru hadi kwenye bamba kwa kasi kubwa sana, na nadharia rahisi haizihesabu inavyopasa. La pili, elektroni hizo zikishaondoka huacha nyuma wingu zito la ioni chanya, na wingu hilo huunda uga wake wa umeme unaopinga ule wa mabamba. Ndani ya sehemu ya chemba nguvu ya kuvuta hudhoofika mno, ioni zinazubaa, na zinazozubaa ndizo zinazorudiana. Kuongeza volteji kungesaidia, lakini ikizidi hewa yenyewe huanza kuzalisha chaji za ziada na kipimo kikapotoka kwa upande wa pili.

Ukubwa wa tatizo ulionekana wazi katika kazi iliyochapishwa mwaka 2020 kutokana na vipimo vilivyofanywa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, kwenye mtambo wa majaribio uitwao CLEAR. Wapimaji, wakiwamo wa maabara ya taifa ya vipimo ya Uingereza, NPL, waliweka chemba ya ioni mbele ya mwale wa elektroni zenye nishati ya elektronivolti milioni 200 na kuilinganisha na kalorimita ya grafiti. Pigo lilipokuwa dogo, grei 0.03, chemba ilikusanya asilimia 97 ya chaji. Pigo lilipofikia grei 5.26, ilikusanya asilimia 4.

Asilimia 4. Kwa kila jozi mia zilizozaliwa, tisini na sita zilirudiana njiani. Kuupata ukweli kutoka kwenye usomaji kama huo inabidi uuzidishe mara 25, na kizidisho kikubwa hivyo hubeba kosa kubwa vilevile: ukiamini kwamba ufanisi ni asilimia 5 badala ya 4, dozi unayoandika inapungua kwa sehemu moja ya tano. Hakuna mtaalamu makini ambaye angemtibu mtu kwa namba iliyopatikana namna hiyo.

Kalorimita iliyotumika kama mwamuzi hurudi kwenye ile alama hafifu niliyoitaja, yaani joto. Kiini chake ni kipande kidogo cha grafiti kilichozungushiwa kinga ya joto, na ndani yake kuna thamista, vipande vidogo ambavyo ukinzani wake wa umeme hubadilika joto likibadilika. Grafiti hupashwa na grei moja kwa nyuzi 0.0014 hivi, karibu mara sita ya maji. Bado ni kiasi kidogo sana, na katika mwale wa kawaida unaochukua dakika, joto hupata muda wa kuvuja kuelekea pembeni, hivyo mpimaji hulazimika kupambana na mivujo hiyo. Hapa FLASH, inayoitesa chemba, inaipendelea kalorimita. Joto lote linaingia kabla lolote halijapata nafasi ya kutoka, na grafu ya thamista hupanda wima kama ukuta, kisha huteremka polepole. Zaidi ya hayo, joto halina cha kurudiana nacho. Jouli ni jouli, iwe imeingia kwa sekunde moja au kwa mikrosekunde moja. Binafsi naona ndiyo sehemu ya kuvutia kuliko zote katika habari hii: kipimo kilichoonekana kigumu mno kwa matumizi ya wodini kimekuwa ndicho cha kutegemewa kuliko vyote.

Vyombo vingine viwili vilivyo salama mbele ya mapigo makubwa ni vya kikemia, na ndivyo vilivyomlinda yule mgonjwa wa Lausanne. Cha kwanza ni filamu maalumu inayobadilika rangi yenyewe bila kusafishwa kwa dawa. Mpimaji huikata kwa mkasi, akiishika pembeni ili alama za vidole zisiingie katika kipimo, huiweka mahali dozi inapotakiwa kujulikana, na baada ya mionzi kipande kilichokuwa hafifu hugeuka kijani kilichokolea kadiri ya dozi. Lakini rangi huendelea kukolea kwa saa nyingi, hivyo kwa kawaida filamu husomwa kwenye skana kesho yake. Cha pili ni alanini, asidi ya amino ya kawaida, iliyoshindiliwa kuwa kidonge cheupe cha kipenyo kama cha milimita tano. Mionzi huacha ndani yake vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenzake, navyo hudumu kwa muda mrefu na huweza kuhesabiwa kwa mashine ya sumaku na mawimbi ya mikrowevu. Vyote viwili vimeonyesha kwamba havijali, kwa kiasi kinachoonekana, ikiwa dozi ilikuja taratibu au kwa kishindo. Kasoro yao ni moja na ni kubwa: hutoa jibu baada ya tendo. Vinaweza kuthibitisha kwamba mgonjwa alipata grei 15. Haviwezi kuizuia mashine isimpe 20.

Kwa jibu la papo hapo, watafiti wamefuata njia mbili. Chuo Kikuu cha Santiago de Compostela nchini Hispania kilitengeneza chemba nyembamba kupindukia, ambayo mabamba yake yametenganishwa na milimita 0.27 tu. Ioni ikiwa na safari fupi na uga wenye nguvu, muda wa kuvuka hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo kutoka milimita mbili hadi 0.27, kwa volteji ile ile, muda hupungua zaidi ya mara hamsini. Uwanja wa shule umebaki hatua mbili. Lakini wembamba huo nao una gharama, kwa sababu bamba likisogea kwa sehemu moja ya mia ya milimita, ujazo wa hewa hubadilika kwa karibu asilimia 4. Njia ya pili ni almasi. Vipimio vya almasi vilivyokwisha kuwako hospitalini navyo hulemewa na mapigo makubwa, lakini kikundi cha Chuo Kikuu cha Tor Vergata mjini Roma kilibuni upya kipimio kidogo cha almasi kwa ajili ya FLASH hasa, na usomaji wake umeendelea kwenda sambamba na dozi hata kwa mapigo ya grei kadhaa.

Chombo chochote kati ya hivyo hakifai kitu kikiwa peke yake. Mizani ya sokoni huaminika kwa sababu ina muhuri, na mwenye muhuri ana jiwe lililolinganishwa na jiwe la juu zaidi. Katika mionzi mlolongo ni huo huo: maabara kuu za kitaifa hutunza kipimo cha asili, maabara za ngazi ya pili hulinganisha vyao na hizo, na hospitali huzifuata hizo za pili. Maabara ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania iliyoko Arusha ni mojawapo ya hizo za ngazi ya pili. Mlolongo huo wote, hata hivyo, ulijengwa juu ya mapigo madogo ya mashine za kawaida au juu ya mionzi tulivu ya kobalti. Kati ya mwaka 2019 na 2023 maabara za Ulaya, zikiongozwa na PTB, maabara ya taifa ya vipimo ya Ujerumani, ziliendesha mradi ulioitwa UHDpulse kwa lengo la kuurefusha hadi kwenye mapigo makubwa. Kwa elektroni za nishati ndogo, zile zinazotibu ngozi na vidonda vya juu juu, kazi hiyo imeleta matunda: kalorimita, alanini na filamu zinaweza sasa kulinganishwa kwenye mwale mmoja, na zikitofautiana inajulikana ni nani wa kuulizwa.

Linabaki suala la kuusimamisha mwale. Katika mashine ya kawaida, chemba mbili nyembamba hukaa njiani mwa mionzi muda wote. Dozi iliyoandikwa ikitimia, ya kwanza hukata mwale, na ya pili ipo endapo ya kwanza itashindwa. Kwa FLASH chemba hizo hulemewa kwa namna ile ile niliyoeleza. Mbadala unaotumika zaidi ni pete ya umeme inayouzunguka mwale bila kuugusa. Elektroni zikipita katikati ya pete ni mkondo wa umeme kama mwingine wowote, na pete huhisi sumaku ya mkondo huo na kuipa mita jumla ya chaji ya kila pigo. Pete haioni dozi, huona chaji tu, kwa hiyo inapaswa kwanza kufundishwa kwa filamu na alanini kwamba chaji kiasi hiki ni grei kiasi hiki. Na hata ikiwa imefundishwa vyema, haiwezi kukata pigo katikati. Kwa mapigo ya grei 1.5, hatua ndogo kabisa ya mashine ni sehemu moja ya kumi ya tiba nzima. Pigo moja likizidi, mgonjwa amepata asilimia 10 zaidi. Likikosekana, amepungukiwa kwa kiasi hicho. Basi hesabu ya mapigo huwekwa kabla, ukubwa wa pigo huthibitishwa dakika chache kabla ya mgonjwa kuingia, na uthabiti wa mashine kutoka pigo hadi pigo hugeuka kuwa sehemu ya kipimo.

Yote haya yanahusu elektroni za kufika sentimita chache. Elektroni ya nishati ya elektronivolti milioni 6 huishia kama sentimita tatu ndani ya mwili, na saratani nyingi zinazoua ziko mbali zaidi ya hapo: kongosho, mapafu, ubongo. Kwa sababu hiyo CHUV, CERN na kampuni ya Ufaransa ya THERYQ zilitangaza mwaka 2022 makubaliano ya kujenga mtambo wa elektroni za nishati ya milioni 100 hadi 200, ukilenga uvimbe ulioko hadi kina cha sentimita 20. Nishati kubwa ina neema zake. Elektroni hizo hazitatizwi sana na mifuko ya hewa iliyomo mapafuni na tumboni. Lakini mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu, uitwao TRS-398, ambao hospitali nyingi duniani huufuata katika kupima dozi, kwa elektroni umeandikwa kwa nishati zisizozidi milioni 50. Mwongozo huo humtaka mpimaji atafute kina ambacho dozi imeshuka hadi nusu, kisha kwa namba hiyo asome kwenye jedwali kirekebishi cha chemba yake. Kwa mwale mwembamba wa milioni 200, kina hicho hubadilika sana kufuatana na upana wa mwale wenyewe, na jedwali limekoma kabla ya kukifikia. Namba za kuendeleza jedwali hilo ndizo zinazotafutwa sasa, kwa grafiti na thamista, pigo moja baada ya jingine.